Mkasi wa Muuza Maua

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tunda lina mwendo wake, na asiyeujua huweza kuliua kwa mapenzi.

Muuza maua alizijua waridi kama anavyokijua kiganja chake. Ua likisinyaa, kata, shina litoe jingine. Basi dada yake alipolazwa hospitali akamwachia mpasheni wa uani, alioupanda marehemu mama yao, naye akautunza vivyo hivyo.

Mwenye nyumba alikuwa akiutamani ukuta ulioutambaa mpasheni huo, aweke tangi la maji. "Nikiona tunda, nauacha," alisema. "Mwezi ukiisha sijaona, panga."

Maua yakachanua, nyuki wakajaa. Kesho yake petali zikanywea kama karatasi iliyolowa. "Maskini, yamekufa!" Muuza maua akashika mkasi. Yakaja mengine, yakanywea, akakata. Akaongeza mbolea. Akamwagia maji, kisha akaacha kumwagia. Maua tele, tunda hata la dawa! Mara aulaumu udongo, mara ukuta, mara kijicho cha majirani. Kumsumbua mgonjwa hakutaka. Kichwa kikamzunguka kama pia.

Mwezi ukaisha. Panga la mwenye nyumba likapita mara moja shinani, mpasheni ukaporomoka kama pazia. Hapo, nyuma ya bomba la maji ukutani, ambako mkasi haukufika, likaonekana tunda bichi, limevaa petali kavu shingoni.

Muuza maua alimpigia dada yake simu. "Dada, ua lililokufa limezaa!"

"Halikufa, mdogo wangu. Likishapata chavua, petali kazi yake imekwisha, zinanyauka. Kile kidonge cha kijani katikati ndicho kinachovimba kuwa tunda, na viyai vilivyomo ndani vinakuwa mbegu. Kwani hukuona vidonge?"

"Niliona."

"Ukavifanyaje?"

Muuza maua akautazama mkasi mkononi.

"We mtoto, ukavifanyaje?"



"Mbona hukuniambia liko moja?" mwenye nyumba alinung'unika.

"Ningekuambiaje, mzee, nami nimewamaliza wenzake kwa mkono wangu? Lakini wewe nawe, hukuweza hata kuchungulia?"

Mzee aliinama penye lile tunda. Alilichuma, akalipasua kwa ncha ya panga. Ndani mlikuwa na mbegu nyeupe, laini, bado changa. Akaonja, akakunja uso, akatema.

Wakabaki wawili wale, mmoja na mkasi, mwenzake na panga, wakiutazama ukuta mtupu. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.