Sange na Vibuyu vya Dharura

Mnaniudhi. Mtama haujapepetwa, kiuno kinanikaza, nanyi mmenizunguka kama kuku. Eti Mwanaisha kapata kazi, anauliza akiba ya dharura iwe ya miezi mitatu au sita. Mimi niliyeishia darasa la pili ndiye wa kuulizwa? Haya, itikieni upesi nirudi kwenye ungo wangu.

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa shimo!
— La nani?
La mwenye mabavu!

Palikuwa na Sange. Mnyama mwenyewe kiganja kimoja, pua kama mrija, miguu haitulii: tu-tu-tu-tu! Alikuwa na mke na watoto watatu, na kiangazi kilikuwa njiani. Alikuwa ameanika kumbikumbi, sasa anawatia vibuyuni. Lakini atie vingapi? Akageuka huku: "Vitatu?" Akageuka kule: "Sita?" Tu-tu-tu-tu!

"Tulia, Baba Kidomo," mkewe akasema. "Unanikanyaga."

"Mwaka jana vinne viliisha, tukatafuna mizizi. Nitulie vipi?"

Mara gu! gu! gu! Ngiri huyo, na meno yake yaliyopinda.

"Akiba za pori hili nazilinda mimi, shimoni kwangu. Asiyeleta, namfukua na kiota chake. Lete vitatu."

Sange akapeleka vitatu. Kesho yake vitupu.

"Ilitokea dharura," Ngiri akasema, anajilamba.

"Dharura gani, Bwana Mkubwa?"

"Niliota nina njaa. Vitatu havitoshi. Lete sita."

Sange akapeleka sita. Kesho yake vitupu.

"Dharura tena?"

"Kubwa! Niliamka nikakuta bado nina njaa."

Nyumbani kimebaki kibuyu kimoja. Watoto wanalia nyii, nyii. Sange akageuka huku, akageuka kule, usingizi hapana. Asubuhi akamwendea Ngiri.

"Bwana Mkubwa, kosa ni letu. Vitatu umeona, sita umeona. Akiba ya mkubwa ipimwe kwa shimo lake. Tulijaze mpaka mdomoni!"

"Sasa umepata akili!" Ngiri akacheka, akaenda zake kugaagaa matopeni.

Sange na mkewe wakaazima vibuyu pori zima. Wakavijaza kokoto, wakavisukuma ndani, ko! ko! ko! mpaka shimo likafura. Mdomoni kabisa wakaweka kile kimoja cha kumbikumbi. Ngiri akarudi alasiri, akaonja, nyam! Akakimaliza palepale. Alipoona vingine vimepangana ndani, akatamani kucheza ngoma.

Hapo majani yakalia kwacha, kwacha. Chui!

Sasa, Ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Akasukuma makalio: ko! Yakagota. Makalio ndani, kichwa nje.

"Sange! Toa vibuyu!"

Sange alikuwa keshaingia shimoni kwa kitundu cha nyuma. "Akiba haiguswi ovyo. Kuna dharura?"

"Chui!"

"Umemwota?"

"Namwona!"

"Nitoe vitatu?"

"Havitoshi!"

"Sita?"

"Toa vyote! Vyote, ndugu yangu!"

"Jana nilikuwa mtu wa kufukuliwa, leo ndugu? Shimo hili la nani?"

Kwacha, kwacha.

"Lako! Lako! Mimi mpangaji tu!"

Sange akavuta, ko! ko! ko! Ngiri akazama, na kucha za Chui zikakwaruza hewa mbele ya pua yake.

Na hapo ndipo wakaapishana kuwa shimo ni la Sange na kilicholiwa kitalipwa, mmoja anacheka, mmoja anatetemeka.

Ngano yangu imetoka kinywani, imeingia masikioni kwenu. Anayetaka chenji akamdai Ngiri. Na fundisho nalo ni hili, Mwanaisha: tafuta jirani mnene mwenye meno marefu, mkabidhi akiba yako yote, ulale fofofo.

Ngiri je? Kabla jua la kiangazi halijakaza, alibomoa vichuguu kwa pua yake mwenyewe mpaka ikachubuka, akalipa vibuyu tisa vya mchwa: vitatu vya kwanza, sita vya pili. Na juu yake kimoja cha kodi, kila mwezi, mpaka leo.