Kigoda cha Nyumba Isiyo na Moto

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na wala msihangaike kutafuta kuni. Hadithi hii inajipasha moto yenyewe.

Ukingoni mwa Bonde la Ufa kuna mlima unaopumua. Mawe yake yana nyufa, na nyufa hizo hutoa mvuke kutwa kucha. Wenyeji hutega mabati juu yake ili mvuke ugeuke matone na matone yajaze mitungi. Huko watu hawateki maji, huyakamua ardhini. Baridi ya mwezi wa saba haina huruma, na jua la mwezi wa kwanza likipiga paa, ndani ya nyumba hakukaliki.

Hapo aliishi Nyanya Njambi, katika nyumba ya mawe aliyoijenga marehemu mumewe kwa mikono yake. Alikuwa na wajukuu watatu, na Mungu alimgawia kila mmoja fungu lake. Nyaguthii alipewa nyayo: akitembea pekupeku alijua chini kuna joto au baridi, hata chini ya nyasi ndefu. Ndirangu alipewa mikono, na hakuna bomba lililokataa kupinda mbele yake. Warigia, kitinda mimba, alipewa masikio. Aligonga ukuta wa zamani kwa kidole, akasikiliza, akakwambia mwashi aliyeujenga alikuwa anawaza nini.

Mekoni mwa Nyanya Njambi mlikuwa na mafiga matatu na moto ambao haukuwahi kuzimika tangu alipoletwa bibi arusi. Mama mkwe wake alimkabidhi moto huo pamoja na kigoda cha mti mzito. Anayekikalia kigoda ndiye mwenye nyumba, na hakikaliwi na wawili.

Basi moshi ukamwingia kifuani. Daktari hakumung'unya maneno: "Mama, ukikaa na moshi huu msimu mwingine wa baridi, hutoki. Zima moto, au hama." Watoto wake wakasema ahamie mjini, nyumba ibomolewe. Njambi aliogopa kufa, lakini aliogopa zaidi kufia kwenye nyumba ya watu. Akawaita wajukuu.

"Atakayenifanya nibaki hapa bila moshi, na bila kubomoa ukuta wa babu yenu, kigoda ni chake."

Nyaguthii akavua viatu. Alizunguka mlima mzima, umande ukimlowesha magoti, nyanya yake akimtazama kutoka mlangoni. Nyuma ya zizi, mahali ambapo kila mtu alipita na hakuna aliyeona ufa, akasimama. "Cucu," akamwita nyanya yake, "hapa panachemka." Halafu akashuka kwenye ukingo wenye kivuli, akasimama tena. "Na hapa udongo ni baridi. Nimepakanyaga wakati wa kiangazi, nimepakanyaga wakati wa mvua, hapabadiliki." Wakachimba. Pale pa kwanza mvuke ukapanda juu kuliko paa, na Njambi, aliyezoea mvuke maisha yake yote, akajikuta ameshika mdomo. Miaka yote hiyo alikuwa akipuliza kuni, na moto umelala nyuma ya zizi!

Ndirangu akaingia kazini. Aliuongoza mvuke kwa bomba, na ulipomponyoka ukamuunguza mkono toka kiwiko hadi kiganja. Kovu lipo hadi leo. Akalaza bomba jingine refu ndani ya udongo baridi wa ukingoni, la kuvuta hewa siku za jua, na akafunga koki mbili: moja ya joto, moja ya ubaridi. Ila mazoea yana taabu. Mtoto wa mlima ule amezoea mvuke uachwe upande wazi hadi kwenye bati, basi Ndirangu akaupeleka mvuke moja kwa moja hadi sebuleni. Kufikia adhuhuri kuta zilikuwa zinalia, blanketi limelowa chepechepe, na nyanya akikohoa kuliko zamani.

"We Ndirangu," Njambi akasema, akijifuta uso, "umeniponya moshi ili unipike kama kiazi?"

Hapo Warigia akapiga magoti, akagonga sakafu na kusikiliza. Akagonga tena karibu na mafiga. "Babu aliacha uwazi chini ya mawe haya ili unyevu usipande. Bomba lipite humo. Mvuke usiingie ndani hata kidogo. Upashe mawe, kisha ukatoe matone yake nje." Aliinua mawe ya sakafu moja moja, akayatia alama ya chaki, na bomba lilipopita akarudisha kila jiwe mahali pake. Hakuna ukuta uliopata hata ufa.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa juu ya paa, Njambi alichukua kata ya maji akauzima moto wa mama mkwe wake. Alilia. Kisha akavua soksi, akakanyaga sakafu, na kilio kikamkauka. Mawe yalikuwa na joto kama mgongo wa mtoto aliyelala. Hapakuwa na kuni wala moshi. Mlima wenyewe ulikuwa unampulizia nyayo. "Ngai!" akanong'ona, akimwita Mungu wake. Akakaa kigodani, akavuta pumzi hadi mwisho bila kukohoa.

Msimu wa baridi ukapita, naye yu hai. Jua la mwezi wa kwanza likaja, koki ya pili ikafunguliwa, na hewa ya ukingoni ikaingia ndani taratibu. Sasa wajukuu wakaja kudai ahadi.

"Bila nyayo zangu, mabomba ni vyuma tu," akasema Nyaguthii.

"Joto lilikuwepo tangu dunia iumbwe," akajibu Ndirangu, akionyesha kovu. "Lilimpasha nani kabla yangu?"

"Lilikaribia kumuua," akasema Warigia. "Mimi ndiye niliyeifanya nyumba ikubali."

Usiniambie babu ndiye mwenye haki kwa kuacha ule uwazi. Babu amelala, hakai kigodani. Wala usiniambie wagawane, kigoda hakina nafasi ya wawili.

Nyanya Njambi ameinuka. Amekibeba kigoda kifuani, kile kile kifua kilichopona, na amesimama pekupeku kwenye sakafu yenye uhai, akiwatazama wote watatu. Akimpa mmoja, wawili watatoka mlangoni na huenda wasirudi. Asipompa yeyote, watoto wake wa mjini watakuja kubomoa siku atakayozikwa.

Mti ule ni mzito. Mwambie upesi, wewe unayesikiliza: akiweke chini mbele ya nani?