Kwa Nini Fundi wa Mfereji Hupakatishwa Mtoto

Wekeni majembe chini kidogo. Tangu msaragambo, kazi hii yetu ya pamoja, uanze asubuhi nawasikia mkinung'unika kwamba mfereji huu una kona nyingi za kuzibua, na kwamba aliyeuchimba alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Pombe ingemsaidia, maana angalau ingemlaza.

Zamani ukingo huu wa Vuruni ulikuwa mkavu. Mwanamke wa huku alishuka bondeni na mtungi alfajiri, akarudi jua likiwa utosini. Mifereji ilikuwepo kwenye milima mingine, nayo haikuwa na kona isiyo na sababu. Ilifuata ubavu wa mlima, ikazunguka mwamba, ikaendelea na safari yake.

Aliyeichimba aliitwa Kajiru. Alilala kifudifudi, shavu likigusa udongo, akajua maji yatapita wapi. Mungu alimpa jicho, akamnyima makalio. Alikula amesimama. Akishamaliza mfereji alifungua banio, lango la maji kule juu, maji yakaingia, naye huyoo, keshashika njia ya mlima mwingine. Watu walimsifu, lakini hakuwahi hata mara moja kuyaona maji yakifika shambani.

Kisha akamwoa Nakijwa, akamleta hapa Vuruni, wakapata binti. Nakijwa alivumilia mpaka akachoka. Alimwambia mumewe kwamba amewapelekea maji wake za watu wa kila mlima, wakati mwanawe mwenyewe anaogeshwa kwa kikombe. Maji yasipofika kabla maharage hayajakauka, yeye na mtoto wangerudi kwao.

Basi Kajiru akachimba, majirani wakamsaidia. Siku ya kufungua banio alikimbia mbele ya maji mpaka kwenye maharage yake, akangoja. Aliketi, akainuka, akaketi tena. Maji hayakuja. Alipopanda kutazama, aliyakuta yanatambaa kwa shida na kuzama katika udongo mpya.

Moyo ukamwambia jicho limekosea. Akabomoa ukingo wa mfereji, akauchepusha ili mteremko uongezeke. Kesho yake maji yakaingia katika udongo mpya mwingine, yakazama vilevile. Akachepusha tena upande wa pili. Majirani walimsihi asubiri, akawajibu kwamba kungoja maji kwenye mteremko mbovu ni kungoja mgeni aliyekwishazikwa. Haraka haraka haina baraka, mnaisema kila siku na bado mnakimbia. Huku maharage yalikuwa yanageuka manjano, na usingizi ulimhama kabisa.

Asubuhi moja Nakijwa alifunga mzigo wake, akambeba mtoto mgongoni na kushika njia ya kwao, ambayo ilipita kando ya mfereji. Akamkuta mumewe ameinua jembe abomoe kwa mara nyingine. Hakuwa na nguvu za kugombana. Alimfungua mtoto, aliyekuwa amelala fofofo, akamwekea mikononi.

"Mpakate," alisema. "Nipumzishe mgongo kabla ya safari. Ukimwamsha, utambembeleza mwenyewe."

Kajiru aliketi kwa woga. Miguu ilimwasha, vidole vilitafuta mpini wa jembe, lakini mtoto aliyelala ni mzigo usioruhusu mtu kuinuka. Akawa hana la kufanya ila kutazama. Akaona udongo ukibadilika rangi, nyufa zikitoa mapovu, kisha zikitulia. Udongo uliposhiba, maji yalisogea hatua moja. Yakasimama, yakasogea tena.

"Nakijwa," alinong'ona, "jicho langu halikukosea. Ardhi inakunywa kwanza."

"Humpiti mwenye kiu na mtungi kichwani," alijibu mkewe. "Kaa."

Jua lilipoanza kuteremka, maji yakawapita yakisukuma majani makavu na povu la kahawia. Waliyafuata taratibu, Kajiru akiogopa bado kumwamsha mtoto, mpaka yakaingia kwenye maharage. Nakijwa alifungua mzigo wake, akatoa kanga na kumwogesha binti yake hapo mferejini. Kajiru alilia bila haya mbele ya majirani waliokuja kuyaona maji. Alikuwa amechimba milima mingi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona alichokuwa anachimbia.

Na tangu siku hiyo, kila mfereji mpya unapofunguliwa, fundi huketishwa chini na kupakatishwa mtoto mchanga aliyelala, wala hainuki mpaka maji yapite. Tangu siku hiyo pia hatusemi maji yamechelewa. Tunasema ardhi inakunywa.

Haya, shikeni majembe. Kila mtakapokuta kona isiyo na mwamba wala kilima, mjue hapo Kajiru alishindwa kungoja. Ya mwisho ni hii niliyoikalia mimi. Tazameni kuanzia hapa mpaka shambani: mfereji umenyooka.