Nyumba Isiyonukia

Paukwa!
Pakawa!
Kaja nani?
Kaja mbu!
Kaacha nini?
Kaacha homa!

Mmeitika kichovu, lakini haya, sogeeni. Wewe wa huko nyuma, acha kutafuna mahindi, hadithi hii ina msiba ndani yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu, palikuwa na mwanamke jina lake Mwanamvua. Alikaa kando ya mabonde ya mpunga na mumewe Sudi, mtoto wao Mbaruku aliyekuwa anatambaa, na paka wao Semeni. Mlangoni pao palistawi kichaka cha kivumbasi. Mwanamvua aliyaponda majani yake pamoja na mchaichai, akayaloweka katika mafuta ya nazi ya vuguvugu, akayachuja kwa kitambaa. Kila jioni alimpaka mtoto miguuni, mgongoni na nyuma ya masikio. Viganjani hakumpaka, maana mtoto hunyonya vidole. Mbu wakija, wakisikia ile harufu, wanakwenda zao.

Siku moja Sudi akapanda mnazi kuangua nazi, akaanguka, akafa. Mwanamvua akakaa eda, na mjane wa eda hajipaki manukato, hilo mnalijua. Mama mkwe wake, Bi Zuwena, akaja kukaa naye. Sudi alikuwa mtoto wake wa pekee, na uchungu wake haukuwa na mfano. Akasema nyumba ya msiba hainukii. Akayamwaga mafuta, akakikata kivumbasi mpaka shinani. Nani atabishana na mama aliyetoka kuzika?

Jioni mbu akafika mlangoni.

"Hodi! Nyumba haina harufu, haina mwenyewe. Naingia."

Akaingia, akamuuma mtoto. Homa ikapanda. Wakampa dawa, ikashuka.

Mbu akarudi na ndugu zake.

"Hodi! Nyumba haina harufu, haina mwenyewe. Tunaingia."

Wakaingia, wakamuuma mtoto. Homa ikapanda. Wakampa dawa, ikashuka, lakini mtoto akaacha kutambaa.

Mbu akarudi na ukoo mzima.

"Hodi! Nyumba haina harufu, haina mwenyewe. Tunaingia."

Wakaingia, wakamuuma mtoto. Homa ikapanda, na safari hii mtoto akaacha kulia. Jamani, mtoto akilia, mama yake anachoka tu. Akinyamaza namna ile, mama anakufa akiwa hai.

Semeni alikuwa amepigana na mbu kwa makucha mpaka amechoka, na masikio yake yamevimba. Akatoka nje hadi kwenye shina la kivumbasi. Akakuta limechipua.

"Nimekatwa, sijafa," kivumbasi kikamwambia. "Chuma."

Semeni akayabeba majani mdomoni, akamwekea Mwanamvua mbele yake. Mwanamvua akarudisha mikono nyuma. Akasema akiyashika yatamnukia, na watu watasema hakumlilia mumewe. Alisema hivyo huku machozi yanamtoka. Basi paka akayaokota tena, akayaweka mapajani mwa Bi Zuwena.

"Bi Zuwena, Mwanamvua ana eda?"

"Anayo."

"Mtoto ana eda?"

"Hana."

"Na wewe una eda?"

Hakuna eda ya mama, jamani. Mama analia mpaka mwisho wake, lakini hajafungwa.

"Sina," akasema Bi Zuwena.

"Basi mikono yako imezuiwa na nani?"

Bi Zuwena akainuka, akavuta kinu, akatwanga. Mwanamvua akawa anamwelekeza kutoka mkekani: mafuta yapate moto kidogo tu, yasichemke; majani yakae mpaka yaache rangi; kisha achuje. Bi Zuwena akampaka mjukuu wake. Akataka kumpaka na paka, paka akaruka pembeni. Akasema yeye hujiramba mwili mzima, mafuta yale yatamuumiza tumbo. Awekewe majani chini ya mkeka wake, yatosha.

Jioni mbu akaja. "Hodi! Nyumba haina..." Akasikia harufu. Akageuka na ukoo wake wote, wakaondoka.

Sasa dawa ikapata nafasi ya kufanya kazi. Homa ikashuka, isirudi. Na asubuhi moja Mbaruku akalia kutaka ziwa, kilio kikubwa cha ukorofi, hata majirani wakamsikia.

Jioni yake Bi Zuwena akampakata, akaanza kumpaka.

"Mwanangu," akamwambia Mwanamvua, "nilitaka Sudi aliliwe sawasawa. Nikamsahau mwanawe."

Mwanamvua akamtazama. Akasogea karibu.

"Nyuma ya sikio hapo umeruka, mama," akasema.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye nguvu aibebe nyumbani. Maiti ana haki ya kuliliwa, na aliye hai ana haki ya kulindwa, na huyu wa pili hawezi kungoja. Nami mkiniona najikuna, msinicheke. Nilipotaka kwenda kujipaka, nyinyi mkaniambia nianze.