Mshika Kamba wa Ukuta wa Ndani

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kuzifagia wenyewe, Bi Nungunungu alikuwa uani akipeta mtama wa chakula cha jioni. Pe, pe, pe, ungo ulipanda na kushuka. Mjusi akatokea juu ya ukuta, kichwa chini miguu juu.

"Mama Sindano, kamba imeanguka."

"Kamba ipi?"

"Ya mbegu. Imefunguka ukutani, iko sakafuni."

Bi Nungunungu hakuweka ungo chini. "Sakafu ina unyevu?"

"Inao. Shuke moja limeshachipua."

Sasa sikilizeni nyumba ile ilivyokuwa, msije mkaniuliza katikati. Ilikuwa na kuta mbili, wa nje na wa ndani, na kati yake uchochoro mwembamba. Lakini fundi wa kwao hakukata fito zilipofika mlangoni. Alizipinda kwenye mwimo, zikaingia ndani na kuwa ukuta wa pili. Kwa hiyo kuta mbili zilikuwa ukuta mmoja uliogeuka.

Chumba cha ndani ndimo mbegu za mwaka mzima zilimotunzwa. Mashuke yote yalifungwa kwenye kamba moja ndefu, na kamba ikashikizwa ukutani. Shuke lililogusa ukuta mkavu lililala mpaka msimu wake. Lililoanguka chini liliota ovyo. Bibi yake Mjusi ndiye aliyeishika kamba ile, na tangu azeeke hakuna aliyechukua nafasi yake.

"Zikiota leo zote," alisema Bi Nungunungu, "mvua ikija sina cha kupanda, na hawa watoto watakula mawe."

"Basi ingia ufunge."

"Kwa miiba hii? Mlango ule sijaupita tangu niolewe."

Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, na Kobe alikaa katikati yake mchana na usiku. Wadogo aliwaacha wapite. Wakubwa aliwatazama tu, wakarudi.

Ngiri alikuwa nyuma ya nyumba akijikuna mgongo kwenye nguzo. Alisikia neno "mbegu", akaja, kishindo kishindo, pamoja na mpwa wake Panya.

"Mlinzi wa ndani amekosekana," alisema Ngiri. "Nitalinda mimi. Kobe, sogea."

"Siwezi kusogea," alisema Kobe. "Nami nikisogea, wewe bado hutoshi."

"Nitavunja huo mlango."

Bi Nungunungu aliacha kupeta. Ngiri alikuwa na meno marefu ya kuvunjia, na kila mtu pale alijua akiingia atalinda nini, na kwa mdomo gani.

Mjusi akasema taratibu, "Vunja, mzee. Ila fito za nje ndizo za ndani. Ukivunja mwimo, nyumba nzima inashuka juu ya mbegu, nawe utakula udongo."

Ngiri alifikiri, na kufikiri kwake kulionekana. Kisha akamsukuma Panya. "Wewe mdogo. Ingia ulete kamba."

Panya akapita pembeni mwa Kobe, chwi. Wakasubiri. Mara akatoka, chwi.

"Iko wapi?"

"Nimeingia, mjomba."

"Kisha?"

"Kisha nimetoka. Kamba ni nene, ukuta unateleza, sikuona pa kushika. Nikazunguka, nikajikuta mlangoni."

"Mtoto wa dada yangu huyu," alisema Ngiri, kama anayemsingizia dada.

Mjusi alimwacha amalize. "Mzee, mimi natembea ukutani, sishuki. Naweza kukupitishia ncha ya kamba kwenye tundu la ukuta, karibu na nguzo yako, ivuke uchochoro, ikufikie hapo nje. Utavuta mwenyewe."

"Kwa nini unisaidie?"

"Nimechoka kuishi na watu wa miiba."

Bi Nungunungu alimtazama Mjusi. Mjusi hakumtazama. Bi Nungunungu akarudia kupeta.

Basi Mjusi alitambaa na ukuta wa nje mpaka mlangoni, akajibana kati ya mwimo na gamba la Kobe, akageuka na fito, akatokea upande wa ndani. Hakuachia ukuta hata mara moja. Punde ncha ya kamba ikachomoza nje kwenye tundu.

"Vuta, mzee."

Ngiri akaiuma, akavuta. Krrr. Kule ndani kamba ikanyanyuka sakafuni, mashuke yakapanda, yakabanwa ukutani. Mjusi akakimbia nayo, akifunga fundo huku, fundo kule, kila shuke mahali pake.

"Inakuja?" aliuliza Ngiri, meno yamebana.

"Inakuja, mzee. Usilegeze, itarudi yote."

"Mbona siioni?"

"Ni ndefu. Ya mwaka mzima."

Ngiri akavuta mpaka kivuli cha nyumba kikafika jikoni. Jasho likamtiririka puani. Panya akachoka kumtazama, akalala.

"Mzee," Mjusi aliita mwishowe kutoka ndani, "zungusha hiyo ncha kwenye nguzo unayojikunia, ufunge imara, upumzike. Kesho utamalizia."

Ngiri akazungusha, akakaza fundo kwa nguvu zake zote. Kisha akaketi chini, puu, akaitazama kamba iliyonyooka kati ya tundu na nguzo. Aliitazama sana.

"Mama Sindano," alisema, "nimekuwa nikivuta mbegu, au nikizishikilia?"

"Umezishikilia. Na fundo lako zuri, sisi tusingeweza."

Ngiri alitaka kukasirika, lakini taya lilimuuma. Bi Nungunungu akampa ukoko wa ugali wa jana kwenye kipande cha kibuyu, maana kazi alikuwa ameifanya, hata kama hakujua. Mlango ulikuwa bado na Kobe ndani yake.

Ugali ukapakuliwa, na mboga ya kunde. Bi Nungunungu akasimama na mwiko kuwahesabu watu wake kabla hajagawa.

"Sindano?"

"Nipo."

"Msumari? Chomeka, umenawa? Kobe?"

"Nipo mlangoni."

"Mjusi?"

Sauti ikatoka ndani ya ukuta. "Nipo, mama. Nimeshika. Nileteeni huku."

Kuingia ndani si kazi; kazi ni kuwa na cha kushika.