Mawimbi ya Mzee Kuang

Neno likishasemwa, hata likipuuzwa, huwa limekwisha kushika njia. Ruan Peizhen, mhandisi wa jiji la Nanjing, China, aliliona likifika.

Kampuni yao ilivisha kuta za chumba cha wagonjwa mahututi hospitalini ili mawimbi ya redio yasivuruge mashine inayosoma ubongo. Kila ukuta ulikuwa na tabaka tatu za vimiraba vya shaba vilivyopangwa kama vigae. Peizhen alizigeuza kuwa sakiti, yaani mzunguko wa umeme, kwenye kompyuta: kila tabaka ikawa koili na kapasita, vipande vinavyonasa mawimbi, na nafasi kati yake ikawa kama waya. Kila alipokokotoa, paliibuka mwanya mwembamba kama uzi ambamo wimbi la masafa fulani lilipenya. Unyevu ukiingia kati ya tabaka, mwanya ulisogea hadi kwenye masafa ya redio za teksi zipitazo nje.

Mkuu wake, ambaye wote walimwita Mwalimu Shao kwa heshima, alipoelezwa alicheka.

"Xiao Ruan, mdogo wangu, huo ni mzuka wa hesabu. Tumepima, hamna kitu."

"Tulipima ukuta mkavu, Mwalimu."

"Basi siku ukuta ukilowa, niite."

Kazi ikakabidhiwa hospitali.

Zikaja mvua za plamu, zile za mwanzo wa kiangazi matunda hayo yaivapo, jiji zima likatoka jasho. Asubuhi moja hospitali ikawaita wote wawili. Kitandani alilala Mzee Kuang, aliyekata roho alfajiri. Moyo kimya, mwili baridi kama jiwe la mtoni; lakini mashine ya ubongo ilichora vilima vidogo vidogo, vikipanda na kushuka kama vya mtu aotaye. Mkewe alikuwa ameng'ang'ania mkono wa maiti, hataki achukuliwe.

"Bado yumo," alinong'ona. "Nikimwita, ananijibu."

Akamwita. Vilima vikapanda. Nywele zilimsimama Peizhen. Mwalimu Shao alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango.

Peizhen akamwomba muuguzi atoe vihisi vya mashine kichwani mwa marehemu, avibandike kwenye mto mtupu. Mashine ikachora vilima vilevile; mto nao ukaota.

Mjane akaugusa mto kwa mkono mmoja.

"Basi nilikuwa nikizungumza na nani?"

"Na ukuta wetu, Shangazi," Peizhen alisema. "Tulijua ukilowa unaweza kupitisha mawimbi ya redio za teksi; ilisadifu tu yapande ulipoita. Tusamehe."

Mama yule akauachia mkono wa mumewe, kidole kimoja kimoja, akaanza upya kulia. Mwalimu Shao aliinamisha kichwa. Hakika, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja.