Mtihani wa Ofisini

Mwalimu wa hisabati aliishika karatasi ile kama mtu aliyeokota noti njiani akahofia kuwa ni bandia. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaisogeza karibu na dirisha. Alama alikuwa ameziandika yeye mwenyewe kwa kalamu yake nyekundu: themanini na nane. Kilichomkosesha raha ni mwenye karatasi, msichana wa darasa la saba ambaye shule nzima ilimwita Kesho. Muhula uliopita msichana huyo alikuwa ameshika mkia.

Jina hilo hakulipata bure. Kila alipoulizwa zoezi la hesabu, alijibu, "Nitafanya kesho." Mkoba wake ulikuwa jalala: karatasi za maswali zilizokunjamana, penseli zisizo na ncha, na daftari moja lililobeba jiografia mbele, hisabati nyuma na michoro ya maua katikati.

"Mtu halali punda akaamka farasi," mwalimu wa hisabati alimwambia mwalimu mkuu. "Hapa pana jambo."

Jambo hilo halikukosa shahidi. Mlinzi wa shule alikumbuka kumwona Kesho mara kadhaa jioni, wenzake wakiwa wameshaondoka, akinyata kwenye ujia wa jengo la zamani huku akitazama nyuma. Mwisho wa ujia ule palikuwa na chumba chenye kabati ambamo mitihani hufungiwa. Walimu wawili walitazamana. Hakuna aliyesema neno "wizi", lakini lilikuwa limeshaketi nao mezani.

Minong'ono haina mlango wa kuizuia. Kabla ya mapumziko, darasa zima lilikuwa limepata habari. Jirani yake wa dawati alisogeza vitabu vyake mbali, kana kwamba Kesho ana upele.

"Tugawie na sisi hayo majibu," mvulana mmoja alisema kwa sauti, na wengine wakaangua kicheko.

"Sikuiba!" Kesho akafoka. "Nilikuwa nasoma kwenye chumba cha darasa la nne."

Kicheko kiliongezeka maradufu. "Darasa la nne! Kwa hiyo umerudishwa?"

Alijuta kusema. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yake, muuguzi aliyezoea kusoma nyuso za wagonjwa, alikuwa na mashaka yake tayari. Binti aliyekuwa akifika nyumbani mapema sasa anarudi jua likizama, na kila akiulizwa anatazama sakafu. Mwalimu mkuu alipompigia simu, moyo ulimlipuka.

"Mwanangu, niambie ukweli. Nani anakuweka huko hadi jioni? Nani alikupa mtihani?"

"Hakuna, mama. Nasoma."

"Wewe? Usome?"

Mama alitamka maneno hayo kabla hajayapima, na Kesho akahisi kama amechomwa mkuki na mkono uleule uliomlea.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Siku alipopata matokeo ya ule mtihani wa kushika mkia, Kesho alijifungia chooni akalia. Aliyemsikia ni mwalimu wa darasa la nne, mama mtu mzima ambaye wanafunzi walimwita Bi Taratibu. Hakumkemea. Alimpeleka darasani kwake, kwenye ujia uleule wa jengo la zamani, akamketisha kwenye dawati dogo hata magoti yakamgusa kidevu, akampa swali la sehemu. Kesho alikwama. Akampa jepesi zaidi, akakwama tena.

"Basi ugonjwa tumeuona," alisema Bi Taratibu. "Hisabati ni ngazi, binti yangu. Wewe unataka kurukia darini, na vipago vya chini vya kukanyagia vimevunjika. Mwaga huo mkoba."

Waliumwaga. Takataka zikaenda pipani. Hisabati ikapata daftari lake peke yake, na kila karatasi ya maswali ikabandikwa chini ya tarehe yake. Bi Taratibu akampa masharti: asitoke darasani kabla hajaandika zoezi alilopewa, alifanye siku hiyohiyo, na asipoelewa jambo aulize kesho yake, asingoje mtihani. Kisha kila jioni wangetengeneza kipago kimoja cha zamani, si zaidi. Kesho aliomba jambo moja tu: mtu asijue. Aliona aibu kubwa kukutwa kwenye madawati ya watoto. Ndiyo maana alinyata.

Sasa, Kesho alipomtaja kuwa shahidi wake, Bi Taratibu alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake, na simu yake haikupatikana.

Ofisini walikuwa wanne: mwalimu mkuu, mwalimu wa hisabati, mama na Kesho. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba aliyeiba mtihani hana nafasi katika shule ile. Mwalimu wa hisabati akaandika swali jipya ubaoni: saba, toa mbili mara mabano ya x toa tatu, sawa na tano.

"Tafuta x."

Kesho alichukua chaki. Alifungua mabano, akapanga namba, mwishowe akaandika: hasi mbili.

Mwalimu alikunja mikono kifuani. "Si nilisema? Jibu si hilo."

Mama aliinamisha uso. Lakini Kesho hakuiweka chaki chini.

"Bado sijalijaribu, mwalimu." Aliiweka hasi mbili mahali pa x, akakokotoa kando, akapata kumi na saba badala ya tano. Akarudi juu, akapita mstari kwa mstari kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Kidole kikasimama. "Nimekosea hapa. Hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita. Mimi nimeandika hasi." Akafuta, akaandika upya, akapata nne. Akaijaribu nne, ikaleta tano.

Mwalimu wa hisabati akaandika swali lingine gumu zaidi, kisha lingine. Yote mawili Kesho aliyatatua, na yote aliyajaribu bila kuambiwa.

"Mwizi wa majibu hubeba jibu," mwalimu mkuu alisema polepole. "Hajui lilikotoka, wala alipokosea."

Mwalimu wa hisabati alimgeukia Kesho. "Nilikudhania vibaya, binti. Tuhuma zangu zimefika hadi darasani, na mbele ya wenzako nitakuomba radhi."

Alitimiza ahadi darasani siku hiyohiyo, na vicheko vyote vikafa. Ofisini, mama alikuwa amemkumbatia mwanawe, machozi yakilowesha kola ya sare. Kesho hakuwa ameruka ngazi wala kuvunja kabati. Alifanya la leo leo, na la zamani kidogo kidogo, mpaka mzigo uliomshinda ukaisha. Kwa hakika, bandu bandu huisha gogo.